Asali ya Nassoro Iliyoungua

Ndugu zangu, alasiri tumeshaiswali, jua bado liko juu, na najua wengine mmeacha mbuzi wamefungwa kamba fupi. Sitawaweka sana. Nina mfano mmoja, nikiumaliza mwende zenu.

Kulikuwa na mgema mmoja. Nitampa jina nimwite Nassoro, na jirani yake nimwite Bi Mejumaa, ili nikifika katikati msije mkapotea. Msigeuke kutazamana. Hawamo humu, na kijiji chao hakipo. Nimewatunga mwenyewe juzi nikipalilia mihogo.

Huyu Nassoro kwa miaka mingi alikuwa akigema tembo na kuliuza likiwa limeshakuwa kali, lile la kulewesha. Kisha akatubia. Alivyotubia siwaelezi leo, ni hadithi ya siku nyingine. Lakini mtu akitubia tumbo halitubii, si ndiyo? Kesho yake anataka kula. Na Nassoro hakujua kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa kupanda mnazi, kukata ncha ya kole, lile shada la maua yake, na kutundika kibuyu chini yake. Akakaa siku tatu anaitazama minazi na minazi inamtazama.

Siku ya nne akakumbuka kitu alichokuwa akikifanya bibi yake. Nyinyi vijana hamkijui hiki, na hata wazee wengine mmeshakisahau. Lile tembo likiteremshwa asubuhi bado ni tamu tu, kama maji ya sukari. Halijapata nguvu. Ukilichemsha hapo hapo, kabla jua halijalifanyia kazi yake, linapungua, linapungua, linakuwa zito na jekundu, linakuwa asali. Asali isiyo na nyuki. Sufuria kubwa ya tembo inakupa chupa chache tu, lakini hiyo chache ukiimimina juu ya mkate wa kumimina, au ukichovya kaimati ndani yake, mgeni haondoki.

Basi Nassoro akaanza. Na kwa sababu alikuwa mtu anayetaka kujisafisha na yale ya zamani, akaifanya kazi hii kwa usafi wa kupita kiasi. Akanunua kitambaa cha melimeli, kile chepesi wanachoshonea kanzu, akakikunja mara nne. Asali ilipoiva aliichuja ikiwa ya moto, maana ikipoa haipiti kwenye kitambaa, inakaa juu kama uji. Akiimimina anaona chini ya kitambaa inatoka inang'aa, na juu ya kitambaa vinabaki vumbi la gome, mguu wa sisimizi, na ule unga unga mweusi unaotoka kwenye asali yenyewe inapochemka. Anakifua kitambaa, anachuja tena. Chupa alizichemsha, akazianika kichwa chini juu ya kichanja, akazijaza asali ikiwa bado inatoa moshi, akazifunga, akazilaza. Ukiinua chupa ya Nassoro ukaielekeza kwenye jua unauona mkono wako upande wa pili.

Watu wakaipenda. Mwenye duka mmoja wa mjini akamwambia, "Ramadhani imekaribia. Niletee asali kwa wingi siku moja kabla ya mwezi kuandama, na mwaka mzima nitachukua kwako." Nassoro akaazima minazi ya watu, akagema asubuhi na mapema kuliko kawaida, akajaza sufuria kubwa ile ya kupikia harusi, akawasha moto.

Sasa nataka muelewe jambo moja kuhusu asali hii. Saa zote za mwanzo unaweza kuiacha ukaenda ukazungumza na watu. Lakini ikifika mwisho, inapoanza kupanda na mapovu yake kuwa mazito, hapo haina subira na wewe. Ukigeuza uso imeungua. Ukiitoa motoni kabla ya wakati ni maji, itachacha. Ukiiacha ipoe kabla hujaichuja, inaganda na uchafu wake ndani. Kuna kipande kifupi tu cha wakati, na mwenye kazi lazima awe pale na kitambaa mkononi.

Nassoro alikuwa katika kipande hicho. Mkewe alikuwa amekwenda kwao, kuna msiba. Yuko peke yake, mwiko mkononi, chupa zimepangwa.

Bi Mejumaa akaingia uani anakimbia.

Bi Mejumaa alikuwa mjane, mtu wa makamo, anayeishi nyumba ya tatu kutoka hapo na binti yake aitwaye Mwanamvua. Binti alikuwa mja mzito, mumewe yuko Mombasa kwenye kazi. Bi Mejumaa alikuwa hana viatu.

"Nassoro mwanangu, mwenzio amekwama. Uchungu ulianza jana. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya, anasema apelekwe hospitali sasa hivi."

Na Nassoro ndiye mtu pekee wa upande ule aliyekuwa na pikipiki.

Akaitazama sufuria. Mapovu yalikuwa yanapanda.

"Bi Mejumaa, nipe dakika chache tu."

"Anatoka damu, mwanangu."

Nawauliza, nyinyi mngefanya nini? Usijibu upesi. Jibu la msikitini ni rahisi, sote tunalijua. Mtu huyu ana kazi moja ya halali, ameitafuta kwa taabu, na yote iko kwenye sufuria ile moja. Mwenye duka hatamwelewa. Mwezi hautamsubiri.

Nassoro akauweka mwiko chini. Akavuta kuni kubwa zikatoka jikoni, akapiga teke makaa, akakimbilia pikipiki. Wakampakia Mwanamvua katikati, mama yake nyuma akimshikilia, wakaondoka. Njia ya hospitali ile ni ya mchanga, pikipiki ikianguka mara moja huiinui na mgonjwa juu yake. Haikuanguka. Walipofika, muuguzi aliyewapokea alimtazama Mwanamvua, akaita wenzake, na baadaye alipotoka akamwambia Nassoro, "Mngekaa nusu saa zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya maiti mbili."

Akazaliwa mtoto wa kike. Wakamwita Nuru.

Nassoro aliporudi nyumbani aliisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Makaa yalikuwa yamebaki. Asali yote ilikuwa imegeuka gamba jeusi limeshika chini ya sufuria, na sufuria yenyewe, ya kuazima, imetoboka. Chupa zimepangwa vile vile, tupu. Mwenye duka akamsikiliza kwenye simu, akasema pole, akachukua mzigo kwa mtu mwingine, na mwaka mzima ule hakumpigia tena.

Na Nassoro alisema nini? Alisema, "Alhamdulillahi, roho mbili zimepona." Na alikuwa anaisema kweli kutoka moyoni. Mkewe aliporudi akamkuta anasugua sufuria kwa mchanga, anaimba.

Ningeweza kuwaachia hapo. Mngekwenda mkisema imamu leo ametoa mfano mzuri, tusaidiane, tusitazame mali. Kina mama nyuma ya pazia pale nasikia wameshaanza kusema mashaallah. Subirini. Mfano bado haujaanza.

Watu walipopata habari walimjia. "Nassoro, tumesikia. Hebu tueleze ilikuwaje." Akawaeleza. Kuna ubaya gani? Aliulizwa akajibu. Wakatikisa vichwa, wakamsifu. Kesho wakaja wengine, akawaeleza. Mara ya pili akakumbuka mambo aliyoyasahau mara ya kwanza: jinsi mapovu yalivyokuwa yanapanda, rangi ya asali ilivyokuwa siku ile, kwamba haijapata kutoka rangi kama ile. Mara ya tatu akaongeza maneno ya mwenye duka. Na kila alipoeleza aliona ile hasara inampungua kidogo. Ndiyo, ndugu zangu. Kuongea kulikuwa kunamlipa.

Siku ya arobaini ya mtoto, Bi Mejumaa alipika wali, akaalika majirani. Nassoro akaitwa mbele. Akampakata mtoto, akasema mbele ya watu, "Mnamuona huyu? Huyu ndiye sufuria yangu ya asali." Watu wakacheka. Mwanamvua akacheka. Bi Mejumaa akacheka pia, akasema, "Kweli, baba. Na Mungu akulipe."

Mtoto akaanza kuitwa hivyo. Nassoro akipita akimwona mgongoni kwa mama yake anauliza, "Sufuria yangu haijambo?"

Bi Mejumaa hakuwa na kitu cha kumpa. Akasema basi nitatoa mikono yangu. Kila siku ya kuchuja akaja kwa Nassoro kuosha chupa. Hakuitwa, alikuja mwenyewe. Anakaa kwenye kigoda kando ya kichanja, anasugua chupa ndani kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, anazisuuza, anazianika. Hakutaka ujira na wala hakupewa. Na mteja akija kununua, Nassoro akiwa anachuja, maneno yanakuja yenyewe.

"Unamuona mama huyu?" anamwambia mteja. "Niliunguza asali ya Ramadhani nzima kwa ajili ya binti yake."

Mteja anamtazama Bi Mejumaa. Bi Mejumaa anaitazama chupa.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili. Sasa sikilizeni jinsi jambo linavyokua. Mbuzi wa Bi Mejumaa aliingia shambani kwa Nassoro akala mche mmoja wa mpapai. Nassoro hakugomba, hakutukana. Alisema tu, "Hata mbuzi wako, Bi Mejumaa? Baada ya yale yote?" Mume wa Mwanamvua alikuja likizo, akapita bila kusimama kwa sababu ana haraka ya basi. Nassoro akasema, "Angekuwa amepita kwenda makaburini kuzuru mke na mtoto kama si mimi, leo hana hata salamu." Siku moja Bi Mejumaa akaonekana amenunua asali ya nyuki kwa mtu mwingine, ya dawa ya kikohozi, kichupa kidogo hivi. Nassoro akaisikia habari. Akamwuliza mbele ya watu dukani, kwa upole kabisa, huku akitabasamu, "Mama, kumbe asali unazo pesa za kununua?"

Mkewe ndiye aliyemwambia. Jioni moja wanakunja kitambaa cha melimeli, Nassoro upande huu na yeye upande ule, mke akasema, "Baba Mishi, ile habari ya sufuria, iache sasa."

"Ipi?"

"Unaijua. Yule mama leo umeisema mbele yake mara mbili."

"Kwani nasema uongo?"

"Husemi uongo."

"Nilimpeleka sikumpeleka?"

"Ulimpeleka."

"Asali iliungua haikuungua?"

"Iliungua, baba Mishi."

"Basi kosa langu liko wapi?"

Mke akamaliza kukunja kitambaa, akakiweka. Na nyinyi, mnalo la kumjibu? Mtu anasema jambo la kweli tupu, la kheri tupu, alilolitenda yeye mwenyewe kwa mikono yake. Kosa liko wapi? Kaa nalo hilo swali, nitakurudia.

Mwaka wa tatu, mtoto Nuru ameshakuwa mkubwa, anakimbia, anasema maneno mengi na mengine hayaeleweki. Ana mchezo wa kukaa karibu na bibi yake pale kwenye kichanja na kupuliza kwenye mdomo wa chupa tupu ili ilie. Mama yake alikuwa amemfuata mumewe Mombasa, mtoto amebaki na bibi.

Ikafika siku moja, saa nne za asubuhi. Nassoro yuko uani, ameinama, anachuja. Pikipiki imesimama ukutani, ina mafuta. Akainua macho akamwona Bi Mejumaa anapita njiani, kwa haraka, amembeba mtoto mgongoni amemfunga kanga mbili. Kichwa cha mtoto kimelala upande. Bi Mejumaa alisimama kidogo usawa wa mlango wa ua. Nassoro alidhani anataka kuingia, akasema moyoni, leo amechelewa, chupa zinamngoja. Kisha Bi Mejumaa akaendelea na njia. Nassoro akasema labda anakwenda dukani. Akarudi kwenye kitambaa chake.

Hakuwa anakwenda dukani. Alitembea kwa miguu mpaka barabara kuu, na kwa mwendo wa mtu aliyebeba mtoto ni zaidi ya saa nzima. Pale akangoja gari. Gari la kwanza lilikuwa limejaa, la pili halikusimama. Alipofika hospitali mtoto alikuwa ameshakakamaa shingo. Ilikuwa ile homa ya uti wa mgongo. Daktari alimuuliza, "Mama, imekuchukua muda gani kufika?" Bi Mejumaa akamwambia. Daktari akaandika.

Mtoto hakufa. Alilala wiki tatu, akatoka anatembea, anakula, anacheka. Lakini masikio hayakurudi. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Daktari alisema homa ilikaa muda mrefu kabla ya dawa, na kwamba pengine wangewahi kidogo mambo yangekuwa mengine, au pengine yasingekuwa mengine, hilo analijua Mungu.

Nassoro alipopata habari yote hii, kwamba siku ile aliyomwona anapita alikuwa na mtoto mgonjwa, alikaa chini. Kisha akaenda. Akamkuta Bi Mejumaa barazani kwake anachambua mchele kwenye uteo, mtoto kando yake anachora chini kwa kijiti. Akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa mkeka. Wakaulizana hali. Akampa pole. Akapokelewa pole yake.

Kisha akasema, "Bi Mejumaa, siku ile ulipita mlangoni kwangu."

"Nilipita."

"Pikipiki uliiona?"

"Niliiona."

"Na mimi uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu. Ulikuwa umeinama unachuja."

"Na ulijua kwamba ukiniita nitaacha kila kitu nikupeleke. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua," akasema Bi Mejumaa. "Ndiyo maana nilisimama. Nikasema, nikimwita ataacha hata sasa hivi, sufuria itaungua tena, na mtoto atapona. Wewe si mtu mbaya, Nassoro. Hilo nimewaambia watu wote." Akaupepeta mchele kidogo, akaendelea. "Lakini nikajiuliza, nikiamka kesho nitakuwa mtu gani? Ile ya kwanza nimeibeba miaka mitatu. Sikuona pa kuiweka ya pili. Miguu ikaenda yenyewe."

Nassoro akaanza kulia. Mtu mzima, mgema, mwenye mikono ya gome. Akasema, "Mama, maneno tu? Kwa ajili ya maneno?"

Bi Mejumaa akamtazama mtoto, na mtoto alikuwa anaendelea kuchora, hajui kwamba kuna mtu analia nyuma yake.

"Usilie, baba," akasema Bi Mejumaa. "Huyu ndiye peke yake katika nyumba yangu ambaye hatausikia tena ule mkasa wa asali."

Basi. Mfano wangu umeishia hapo. Nassoro alirudi nyumbani, mkewe akamuuliza walizungumza nini, hakumwambia. Aliendelea na kazi yake ya asali, na bado ni asali nzuri. Bi Mejumaa hakuja tena kuosha chupa. Wakikutana njiani wanasalimiana, hawana ugomvi. Na huo ndio ubaya wake, ndugu zangu: hawana hata ugomvi wa kwenda kusuluhisha.

Sasa mimi nawauliza. Nani alimfanya mtoto yule asisikie? Ni homa, daktari ameshasema, na kila kitu ni kwa amri ya Mungu, hilo silipingi. Lakini palikuwa na pikipiki. Palikuwa na mafuta. Palikuwa na mtu mwema, mtu ambaye angekwenda. Vyote vilikuwepo, hatua kumi kutoka njiani. Ni kitu gani kilichosimama katikati ya mlango ule, kikamzuia mama asiingie? Hakikuwa uchoyo, Nassoro hakuwa mchoyo. Hakikuwa uongo. Mlangoni pale palisimama wema wa Nassoro mwenyewe. Aliutenda kwa nusu saa na akauzungumza kwa miaka mitatu, ukawa mkubwa mpaka mtu hawezi kupita.

Mtu yule aliuliza, "Kwani nasema uongo?" Na sisi ndivyo tunavyouliza. Nikisema kwamba nilimsomesha mtoto wa ndugu yangu, kwani uongo? Nikisema kwamba nyumba ile ilipoungua mabati nilitoa mimi, kwani uongo? Si uongo. Ni kweli. Lakini ukimdai mwenye deni la pesa, atakulipa, mtaachana. Huyu uliyemtendea wema utamwambia akulipe nini? Atatoa uhai wa binti yake autie kwenye chupa akuletee? Hana njia ya kukulipa, wewe unajua hana, na bado kila siku unapita mlangoni kwake kumdai. Na unamdai kwa tabasamu. Laiti ungemtukana, angepata la kujibu.

Mnadhani nawasema nyinyi. Inueni macho. Ile feni inayozunguka juu yenu, mnajua ililetwa na nani? Mnajua. Hata watoto wa chuo cha Kurani wanajua. Na mnajua kwa nini mnajua? Kwa sababu nimewaambia. Mwaka jana niliwaambia hapa hapa kwenye kiti hiki, na mwezi uliopita ilipoharibika nikasema, "Feni yangu ile imeharibika." Feni yangu! Niliitoa sadaka na bado naiita yangu. Nilipokuwa napalilia mihogo juzi nikimfikiria Nassoro, nilidhani namtunga mtu mwingine. Nilipofika mwisho wa tuta nikaona ni mimi. Kuna mtu mmoja anayeswali hapa, simtaji, ambaye siku za joto anatoka kukaa uani, haji chini ya feni. Nilikuwa nadhani ana baridi.

Sisi tuna mtu. Kila mmoja wetu anaye. Tulimsaidia siku moja, na ulikuwa msaada wa kweli, tuliacha la kwetu tukaenda. Na sasa huyo mtu akitukuta njiani anainamisha macho, akiwa na shida anazunguka nyuma ya nyumba yetu kwenda kwa mtu wa mbali. Sisi tunasema, watu hawana shukrani. Hatujiulizi tumemfanyia nini tangu siku ile tulipomsaidia.

Najua mtakachotaka kufanya mkitoka hapa. Mtataka kumwendea mkamwombe radhi. Usiende hivyo. Ukienda ukasema, "Nisamehe kwa kukukumbusha ile siku niliyokusaidia," umeshamkumbusha tena. Nenda kama jirani. Umkute anapika, ule. Umkute ana kazi, ushike upande mmoja. Umwombe kitu, hata chumvi, na uondoke nayo na yeye aone kwamba ameweza kukupa. Kaa naye hivyo mwezi, kaa naye mwaka.

Na inshallah itafika siku atapata shida, atasimama mlangoni kwako, na atakuita. Siku hiyo acha ulichonacho uende. Kiungue kitakachoungua.

Ukirudi watu watakuuliza, "Tulikutafuta, ulikuwa wapi?"

Waambie, "Nilitoka kidogo."